Uwanja wa Kijiji ni wa Nani?

Kijana wa miaka 14 akionekana njiani katika vijiji vya Kirushya, au popote katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mtu mzima humwuliza: "Umetumwa wapi?" Akijibu kwamba ametumwa dukani, kisimani, malishoni au kwa mjomba wake, mkubwa huridhika na kumwacha apite. Akijibu kwamba hakutumwa na mtu, anakwenda tu kuonana na wenzake, hapo uso wa mkubwa hubadilika. Kwa maana katika mawazo yetu kijana asiye na ujumbe ni mzururaji, na mzururaji ni jirani wa mwizi.

Swali hilo la njiani si baya. Limetoka katika malezi ya watu wanaojua kwamba mtoto wa mwenzako ni mtoto wako pia, na kwamba kijiji kisichouliza watoto wake waendako kitawapoteza. Lakini ndani yake limejificha wazo moja ambalo yafaa tulitoe nje na kulipima: kwamba kijana ana ruhusa ya kuwapo mahali kwa sababu ya kazi aliyopewa tu, na kazi ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Mtoto mdogo twamwachia uani acheze. Mtu mzima ana baraza lake na kiti chake chini ya mti. Aliye katikati, aliyekwisha kuuacha uani na hajafika barazani, hana mahali.

Juma hili twataka kuuliza maswali mawili. Je, kijana ana haki ya kuwa na mahali pa wazi pa kucheza na kukaa na wenzake, hata kama hakutumwa na mtu? Na kama anayo, mahali hapo papangwe namna gani ili pasiwe mali ya wenye nguvu peke yao?

MCHEZO NI HAKI AU NI TUZO?

Wazazi wengi husema kwamba mchezo ni tuzo: afanyaye kazi vizuri aruhusiwe kucheza, mvivu anyimwe. Yamo maneno ya kweli katika usemi huo, kwa kuwa kijana asiyejifunza kazi hatajua kuishi. Lakini sheria haisemi hivyo. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, wataja katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kujiburudisha kulingana na umri wake. Na mtoto, kwa mkataba huo, ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapohesabu wajibu wa mzazi, yaweka mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Hakuna mzazi mwema amwambiaye mtoto kwamba matibabu ni tuzo ya kulima vizuri.

Wala wazo hilo halikuzaliwa na wanasheria wa siku hizi. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliuhesabu ustadi wa kupumzika na kutaniana kwa adabu kuwa miongoni mwa fadhila, pamoja na ushujaa na ukarimu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliifuata hoja hiyo akaipeleka mbele: roho huchoka kama mwili uchokavyo, na mchezo ndio mapumziko ya roho, basi hata kuukataa mchezo kabisa kwaweza kuwa kosa, kwa maana mtu asiye na furaha yoyote huwa mzigo kwa wenzake. Mabwana hawa wawili hawakuwa wavivu. Walijua tu kwamba binadamu si jembe, na kwamba jembe peke yake ndilo lisilo na maana likiwa halilimi.

Na ule woga wetu juu ya asiyetumwa, nao una historia yake. Serikali za kikoloni ziliweka katika nchi nyingi za Afrika sheria za uzururaji, zilizomfanya mtu asiye na kazi aonekane mkosaji kwa hali yake tu, bila ya kutenda kosa lolote. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wala na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Majaji walisema juu ya sheria. Sisi yatupasa kujiuliza juu ya desturi: je, hatuna mahakama ndogo ya uzururaji katika kila njia ya kijiji, ambayo mshtakiwa wake siku zote ni kijana?

NGARA INAVYOJUA HABARI YA NAFASI

Watu wa Ngara wanajua kuliko wengi maana ya kugawa nafasi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na katika siku chache Benaco ikawa mji mkubwa wa mahema ya plastiki. Makambi mengine yakafuata, miongoni mwao Lukole, iliyowapokea Warundi. Katika shida ile ilibidi kuhesabu upesi kila kitu: maji, unga, kuni, vyoo, makaburi.

Kutokana na mafunzo ya msiba ule, mashirika ya misaada yalianza mwaka 1997 kutunga vipimo vinavyojulikana kwa jina la Sphere, ambavyo hutumika duniani kote: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo 1 kwa watu 20, na kadhalika. Mwaka 1999, kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo waliokuwa Albania, ukaanzishwa utaratibu wa kutenga mahali salama pa watoto kucheza, nao ukaenea katika nchi nyingine. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi mahali pa namna hiyo hupangwa kwa kipimo cha wadogo. Kijana wa miaka 15 ni mkubwa kwa bembea na ni mdogo kwa baraza la wazee.

Asiyepewa nafasi hujitafutia. Mtafiti Simon Turner, aliyefanya uchunguzi Lukole katika miaka ya mwisho ya 1990, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2010 jinsi vijana wa kiume walivyojipatia mle kambini vyeo na heshima ambavyo maisha ya ukimbizi yalikuwa yamewavua baba zao. Habari hiyo yatufundisha sisi tulio vijijini kwetu na kwenye amani. Haja ya kijana ya kuonekana, kuhesabiwa na kuwa na wenzake haifi kwa kunyimwa mahali. Huhama. Huhamia kwenye kijiwe cha pikipiki, kwenye banda la video, nyuma ya kilabu cha pombe, au katika simu ya mkononi usiku. Halafu sisi tuliomfukuza kwenye mwanga twamshangaa kukutwa gizani.

UWANJA ULIO WAZI KWA WOTE

Labda msomaji atasema: "Kwetu uwanja upo." Ni kweli, katika vijiji vingi upo, nao ni ule wa shule ya msingi au wa misheni: mahali tambarare, goli la miti kila upande, nyasi pembezoni na vumbi katikati. Hakuna ubao ulioandikwa kwamba wasichana wasiingie, au kwamba mwenye ulemavu asikaribie. Mwenyekiti akiulizwa atajibu kwa moyo mweupe kwamba uwanja ni wa wote.

Lakini na asimame ukingoni jioni ya Jumamosi ahesabu. Ataona wavulana ishirini au thelathini wakigombania mpira mmoja, nao ni wale wenye miguu myepesi na sauti kubwa. Mvulana asiyejua mpira amekaa juu ya jiwe, akicheka wanapocheka wengine. Wasichana wawili watatu wamesimama kidogo na ndoo zao, kisha wamekwenda. Kijana atembeaye kwa magongo yuko nyumbani, kwa sababu njia ya kufika uwanjani ni mteremko wa mawe. Kijana mwenye ualbino hayupo, kwa kuwa hakuna kivuli, na jua la saa tisa ni adui wa ngozi yake. Asiyeona hayupo. Wala hayupo binti aliyezaa akiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu kurudi darasani, lakini hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kurudi uwanjani. Naye ana miaka 16, na miaka 16 haikufutika siku alipojifungua.

Hapo ndipo lilipo swali la maadili, nasi twaomba msomaji alitazame vizuri. Hakuna aliyewafukuza vijana hawa. Uwanja haukuwakataza. Tena haukuwakaribisha. Mambo haya mawili hufanana kwa mbali, kama bonde na kilima vinavyofanana usiku. Lakini kutokataza ni kazi ya sheria, na kukaribisha ni kazi ya haki. Mahali palipoachwa wazi bila mpango wowote hapabaki bila mtawala. Hutawaliwa na methali ya "mwenye nguvu mpishe". Anayetaka kuitawala kwa methali ile nyingine, "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni", hana budi kupanga kwa makusudi, kwa sababu haki ya mnyonge haijileti yenyewe.

HESABU YA ARDHI

Tuchukue kalamu. Uwanja wa kandanda wa kipimo kamili, mita 105 kwa 68, hula mita za mraba 7,140, yaani zaidi kidogo ya ekari 1 na robo 3. Katika wakati mmoja huchezesha vijana 22. Uwanja wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, yaani mita za mraba 162, nao huchezesha vijana 12. Kwa kipimo cha ardhi tupu, viwanja 44 vya mpira wa wavu vingeenea ndani ya kile kimoja cha kandanda.

Hatusemi kwamba kandanda iondolewe. Wavulana wale wanaocheza nao ni watoto wetu, na wengi hawana furaha nyingine. Twasema kwamba kijiji kinachotoa sehemu kubwa ya ardhi yake ya wazi kwa mchezo mmoja wa jinsi moja kimekwisha kufanya uchaguzi, hata kama hakikukaa kikao. Tena katika nchi ya vilima kama Ngara, pa tambarare ekari mbili ni adimu na pana thamani kubwa. Pa kutosha uwanja wa wavu, mpira wa pete, rede, bao na benchi za kuzungumzia, hapo panaweza kupatikana ubavuni mwa kilima kwa kukata ngazi mbili tatu za udongo, kama mkulima akatavyo matuta. Kile tulichokiita upungufu wa nchi yetu chaweza kutusaidia: vilima hupenda viwanja vidogo vingi.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katika mji wa Vienna, nchini Austria, uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wasichana walipofika miaka 9 au 10 walianza kutoweka katika bustani za mji, na wavulana hawakutoweka. Bustani zilikuwa na nafasi moja kubwa katikati, na wasichana hawakutaka kuigombania. Mwaka 1999 bustani mbili za mtaa wa Margareten zikapangwa upya: nafasi kubwa ikagawanywa, njia zikaongezwa, pakawekwa mahali pa mpira wa wavu na pa kukaa. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa. Hakuna aliyehubiriwa kubadilika moyo. Ardhi ndiyo iliyobadilishwa, na watu wakafuata.

Mfano wa karibu zaidi tunao Kibera, Nairobi. Tangu mwaka 2006 wasanifu wa shirika la Kounkuey wamekuwa wakishirikiana na wakazi kugeuza sehemu za kandokando ya mto Ngong, zilizokuwa majalala, kuwa mahali pa wazi pa watu wote. Wenyeji wenyewe hukaa na kusema wanachotaka, na mara nyingi mahali pamoja huwa na uwanja wa kuchezea, choo, bomba la maji na mahali pa kufulia nguo. Watu wa mji maskini waligundua jambo ambalo wenye bustani kubwa hawalioni: ukitaka msichana aje uwanjani, weka uwanja mahali ambapo msichana analazimika kwenda.

MAHALI PENYEWE PAWEJE

Tukitumia akili hiyo Kirushya, tutaanza na maji. Wasichana wengi hukutana kisimani. Hapo ndipo penye mazungumzo yao, vicheko vyao na siri zao. Pakiwapo benchi, kivuli na uwanja mdogo karibu na bomba la kijiji, binti aliyetumwa maji anaweza kucheza nusu saa foleni ikisogea. Lakini hapa pana mtego, nasi twautaja mapema: yaweza kutokea kwamba uwanja ukahamia kisimani na kazi ikabaki ya msichana peke yake, akicheza kwa jicho moja na kulinda ndoo kwa jicho la pili. Ardhi yaweza kupangwa na fundi. Saa za binti hupangwa na baba na mama. Kijana wa kiume abebe ndoo naye. Uwanja bila nafasi ya saa ni zawadi ya chakula kwa mtu aliyefungwa kinywa.

Pili ni kivuli. Mwembe mmoja au mparachichi mmoja wenye benchi chini yake huwakusanya watu wengi kuliko goli la chuma. Kwa kijana mwenye ualbino kivuli si anasa. Jua humletea saratani ya ngozi. Tena tangu mwaka 2007, mauaji na mashambulio dhidi ya watu wenye ualbino yalipotikisa mikoa ya Ziwa, familia nyingi zimewaficha watoto wao ndani. Mahali pao pazuri ni pale penye kivuli na penye macho ya watu wema karibu.

Tatu ni njia. Aendaye kwa baiskeli ya magurudumu matatu au kwa magongo hahitaji uwanja wa peke yake. Ahitaji kufika kwenye uwanja wa wenzake. Mafundi hupima hivi: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12, nayo iwe imeshindiliwa vizuri, na upana wake utoshe watu wawili kupishana. Vijana wenyewe kwa majembe wanaweza kuikata katika siku chache. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kushiriki michezo sawa na wengine. Na mpira wenye njuga ndani yake humwita hata asiyeona.

Nne ni mahali pa kukaa. Sisi wakubwa twadhani kwamba kijana asiyekimbia hachezi. Lakini tuwatazame: wengi wao, na wasichana hasa, hutaka kukaa wakitazamana na kuzungumza. Basi benchi zipangwe kwa duara au pembe, zisiwe zote zikitazama mpira kana kwamba waliokaa ni watazamaji wa wengine milele. Tena pawe na choo chenye mlango unaofungika, na maji. Kwa binti aliye katika siku zake, choo kibovu ni sawa na lango lililofungwa.

Tano ni jicho la mkubwa. Mahali pa vijana pasiwe kichakani, wala pasiwe mlangoni pa ofisi ya kijiji. Pawe karibu kiasi cha mama muuza ndizi kuona kinachotendeka, na mbali kiasi cha kutosikia kila neno. Kijana anayeonekana hulindwa. Kijana anayepelelezwa hukimbia.

HOJA ZA WAPINGAJI

Wako watakaosema: "Ardhi ni ya chakula. Watu wameongezeka, na ninyi mwataka viwanja." Hoja hii ni nzito, wala haifai kuidharau. Watanzania walikuwa milioni 44.9 katika sensa ya mwaka 2012, na milioni 61.7 katika ile ya mwaka 2022. Mashamba hayakuongezeka hivyo. Lakini hoja hiyo yatugeukia. Ikiwa ardhi yaisha, basi mahali pasipotengwa leo hapatakuwapo kesho, na kizazi cha wajukuu wetu hakitakuwa na uamuzi wa kufanya. Robo ekari iliyotengwa ni gunia chache za maharage kwa mwaka. Ni gharama ya kweli, na kijiji kikubali kuilipa kwa macho wazi, kama kinavyolipa gharama ya zahanati na ya njia.

Wengine watasema: "Mkiwakusanya wavulana na wasichana pamoja, mwatafuta mimba." Woga huu ni wa mzazi apendaye, nao haustahili kuchekwa. Lakini tuulize mimba hizo zimepatikana wapi. Zimepatikana uwanjani, saa kumi jioni, mbele ya watu? Au zimepatikana njiani usiku, katika chumba cha kupanga karibu na shule, na mara nyingi kwa watu wazima wenye fedha? Binti aliyezoea kucheza na kujadiliana na wavulana wa rika lake mchana, mbele ya watu, hujifunza kusema "sitaki" na kusikiwa. Anayefichwa hujifunza kujificha.

Wengine watanung'unika juu ya kelele. Nao wana wenzao wa zamani. Padre Yohane Bosco alipoanza, mwaka 1841, kuwakusanya vijana maskini wa mji wa Turin, alihamishwa mahali baada ya mahali kwa sababu ya malalamiko ya majirani, hata Aprili 1846 alipopata kibanda na kiwanja Valdocco. Na yafaa kukumbuka kwamba hata kazi ile ilianza na wavulana. Ilibidi kungojea hadi mwaka 1872 ndipo lilipoanzishwa shirika la masista la kuwahudumia wasichana vivyo hivyo. Mwenye nia njema naye husahau nusu ya watoto, mpaka mtu amwulize wako wapi.

Na wa mwisho watasema: "Sisi tulikua bila hayo." Je, ni kweli? Wavulana wa zamani walikaa malishoni kutwa nzima pasipo mkubwa, wakicheza na kupigana na kupatana. Wasichana walikwenda kuni na maji kwa makundi, wakaimba njiani. Nchi yenyewe ilikuwa uwanja. Siku hizi malisho yamegawanywa mashamba, na siku ya kijana imegawanywa kengele za shule. Hatuwaombei vijana kitu kipya. Twawaombea warudishiwe, kwa mpango, kile ambacho sisi tulikipata bila mpango.

LA KUTENDA

Njia ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa halmashauri ya kijiji madaraka ya kupendekeza sehemu ya ardhi iwe ya matumizi ya jumuiya, na mkutano mkuu wa kijiji ndio uamuao. Sehemu iliyopitishwa na kuandikwa katika daftari haiwezi kumegwa kimya kimya na jirani mwenye shamba linalotambaa. Uwanja usioandikwa popote ni shamba la mtu linalongojea siku yake.

Lakini kabla ya kupima ardhi, viongozi wa Kirushya na wa vijiji vyote vya nchi yetu wafanye jambo moja lisilo na gharama. Wawaulize vijana wenyewe, na wawaulize kwa makundi. Wavulana na wasichana wakiulizwa pamoja barazani, watajibu wavulana wawili. Basi wasichana waulizwe peke yao, na mama au mwalimu wa kike wanayemwamini. Wenye ulemavu waulizwe nyumbani kwao, kwa kuwa barazani hawakufika. Mama vijana waulizwe. Mvulana yule wa juu ya jiwe aulizwe naye. Kila mmoja aulizwe maneno matatu: unakwenda wapi usipotumwa? Ni nini kinachokuzuia kuja uwanjani? Ungekuja kama pangekuwa na nini? Majibu yaandikwe na kusomwa mbele ya watu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katika ule ujao, ndugu msomaji, ukiwa mzazi, mwalimu au katekista, simama uulize hesabu ya vijana wasioonekana uwanjani, na sababu zao. Usikubali jibu la kwamba hakuna aliyewakataza. Kisha miche ya miembe ipandwe mvua zitakapoanza, maana kivuli cha mwembe huchelewa, na kijana wa miaka 13 ana miaka mitano tu ya kuwa kijana.